Wageni wa kamera kwenye mashimo yetu

Walifika Baraka asubuhi, na boti kutoka Uvira, mbele ya upepo wa ziwa kuanza. Watu sita na guide wao, kila mtu na kamera mbili shingoni. Ilikuwa kiangazi, ule wakati moshi wa nyasi zinazochomwa unafunika rasi ya Ubwari mpaka huioni vizuri. Sisi tulisikitika kwamba hawataona kitu, kumbe wao walifurahi, wakasema moshi unafanya picha kuwa nzuri. Kabla hata ya kunywa chai walikuwa wamekwisha kupiga ndagala zilizoanikwa kwenye mchanga, wamama wanaozigeuza, watoto, na polisi mmoja ambaye hakupenda. Ile picha ya polisi ilitugharimu saa tatu ofisini.

Ndugu wachimbaji, na nyinyi wamama na watoto wa nyumbani, tunaandika haya juu watu mingi wametuuliza: wale wageni walilipa ngapi, nani alikula, na picha zetu ziko wapi? Tutasema tunayoyajua, na mahali sisi wa sendika tulikosea tutasema pia.

Wale hawakuwa waandishi wa habari. Hawakuwa watu wa shirika. Ni watu wanaolipa kwa kutembezwa. Kuna mwenye kuwakusanya, kuna mwalimu kati yao anayewaonyesha namna ya kushika kamera na saa gani mwanga ni mzuri, na kuna guide wa nchi anayejua barabara na balieri. Wanaenda mahali pazuri au mahali pagumu, wanapiga, wanarudi kwao. Sisi tulidhani ni uchunguzi. Wazee wengine walidhani ni kampuni inakuja kununua kilima. Ilibidi tukae nao mara mbili tukieleze kwamba hawa wanatafuta picha tu, na mzee mmoja akauliza: “Picha tu? Na wanatoka mbali vile?”

Tuliwapandisha kwa moto kupitia Fizi-centre na Lulimba, kuelekea upande wa Misisi. Wenye kuijua ile njia hatuna haja ya kuwaeleza. Wageni wawili walianguka kwenye mchanga, kamera hazikuumia.

Pale kilimani mmoja wao, mzee wa mvi, alisimama akaangalia udongo mwekundu uliochimbuliwa, bila mti hata mmoja, akasema panafanana na jangwa. Tulikasirika kidogo. Kwetu Fizi ni nchi ya maji na mihogo, jangwa iko wapi? Lakini yeye hakuwa na ubaya. Alitoa simu, akatuonyesha picha za safari nyingine aliyofanya na kundi kama lile, jangwani kabisa, Danakil, kule Ethiopia karibu na mpaka wa Eritrea. Tulikaa juu ya magunia mpaka giza tukiangalia. Tutawasimulia, kwa sababu ndani ya ile simu tuliona watu wa kazi yetu.

Danakil ni shimo kubwa la dunia. Sehemu ya Dallol iko zaidi ya mita 100 chini ya bahari, na joto lake linatajwa kati ya makali zaidi mahali watu wanapoishi. Kuna maji ya asidi yenye rangi ya njano na kijani kama rangi ya nguo, na kuna mlima wa moto unaoitwa Erta Ale. Wageni wanafuata hizo rangi. Wanatoka mji wa Mekele kwa magari yenye kufuatana, na guide, na mtu wa kabila la Afar anayejua nchi, na walinzi wenye bunduki. Bunduki si ya mapambo: Januari 2012 wageni watano kutoka Ulaya waliuawa pale Erta Ale. Vita ya Tigray ilipoanza Novemba 2020, safari zilisimama. Hapo tuliangaliana, maana na sisi tunajua namna barabara inavyofungwa siku moja na mapato ya watu mia yanakauka.

Katikati ya lile jangwa watu wanachimba chumvi. Hawana mashine. Wanapasua ganda la ardhi, wanaingiza miti mirefu chini yake, wanaegemea wote pamoja mpaka bamba linainuka. Wengine, kazi yao ni kukaa chini na kishoka na kuchonga bamba liwe vipande vya mraba vinavyolingana. Halafu ngamia na punda wanafungwa mizigo, wanapandisha kuelekea Berahile. Zamani vipande vya chumvi vilikuwa pesa kule Ethiopia, mtu alinunua navyo kitu sokoni. Leo barabara imefika na lori zinakula kazi ya ngamia.

Tulimuuliza yule mzee: huyu anayechonga, jina lake nani? Hakujua. Analipwa ngapi kwa kipande kimoja? Hakujua vizuri. Alijua saa gani jua lilikuwa nyuma yake.

Kesho yake walianza kazi saa kumi na moja asubuhi. Walikuwa na heshima, hatutawasingizia. Walisalimia, walijifunza kusema “asante sana wakubwa”. Lakini mtu mwenye jicho kwenye kamera haoni miguu yake. Wawili walisogea mpaka ukingoni mwa shimo la mita kama ishirini, mawe yakaanza kushuka, na sauti ikatoka chini: “Nani uko juu? Munatuua!” Hapo kosa lilikuwa letu. Tungewekea ile sehemu kamba mbele ya wao kufika, na hatukuweka. Tena walimwomba kijana mmoja apande na gunia mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza wingu lilipita na mara ya pili mwenzake alisimama vibaya. Gunia lile lina kilo ngapi, nyinyi munajua. Mara ya tatu alipanda bila kucheka, na ndiyo picha waliyoipenda.

Pesa: guide alitoa dola hamsini na katoni mbili za sabuni. Dola zilipokelewa na PDG wa shimo. Sabuni iligawanywa. Wamama wanaotwanga mawe, ambao walipigwa picha siku nzima na vumbi usoni, walipata kipande kimoja kimoja. Walitukasirikia sisi, na walikuwa na haki.

Kilichotuumiza kilikuja baadaye. Picha moja ya msichana mdogo mwenye beseni, kando ya mto, ilionekana ndani ya ripoti fulani, na jina la eneo letu chini yake, kama mfano wa kazi ya watoto. Wale mnaouza munajua maana yake. Kwa utaratibu wa CIRGL eneo la mgodi linapewa rangi, kijani, njano au nyekundu, na mtoto akionekana kazini au mwenye silaha akionekana, kijani inaondoka. Ya nyekundu haiwezi kutoka nchini kwa njia ya sheria. Tusidanganyane, dhahabu mingi ya Fizi inapita njia za panya, rangi au bila rangi. Lakini negosian anatumia lile neno kukushusha bei. “Eneo yenu iko na shida,” anakuambia, na mzani wake unaanza kusema uongo zaidi ya kawaida.

Yule msichana tunamjua. Ilikuwa likizo, alikuwa amemletea mama yake bugali na sombe, na beseni ilikuwa ya chakula. Tuliandika barua kueleza hivyo. Lakini wiki ileile walikuwepo watoto wengine watatu wakiosha mchanga kweli, na hao hakuna aliyewapiga picha. Sheria ya mgodi inasema mchimbaji awe na miaka 18, na sisi wenyewe tunapita kila siku tukiangalia pembeni kwa sababu baba ya mtoto ni mwenzetu na shule inadai pesa. Kwa hiyo ile picha ilikuwa ya uongo, na ripoti ilikuwa na ukweli. Hatujapata namna ya kuandika barua inayosema yote mawili.

Wengine kwenye kamati walitaka kamera zikatazwe kabisa. Tulibishana sana. Aliyekataa alitukumbusha kwamba mikono iliyokatwa wakati wa mpira ilijulikana Ulaya kwa sababu mke wa misionari, Alice Seeley Harris, alikuwa na kamera; picha yake ya 1904, ya baba aliyekaa akiangalia mkono na mguu wa mtoto wake, ilisaidia kumwondolea Leopold nchi hii mwaka 1908. Na hapa nyumbani tuko na Sammy Baloji wa Lubumbashi, ambaye mwaka 2006 alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa wakati wa Wabelgiji akawasimamisha katikati ya magofu ya Gécamines ya leo. Mtu akiona zile kazi hasemi tena kwamba mchimbaji ni sehemu ya mlima. Lakini kuna pia za Salgado, Mbrazili, alizopiga mwaka 1986 kwenye dhahabu ya Serra Pelada: maelfu ya watu kwenye ngazi, wamejaa matope, kama siafu. Dunia nzima inazijua. Ni wangapi wanaojua jina la mtu hata mmoja aliye juu ya zile ngazi?

Mwishowe hatukukataza. Tuliandika karatasi, imebandikwa kwenye mlango wa koperative. Mgeni wa kamera anaingia na mtu wa usalama wa shimo, haendi ukingoni. Anauliza kwanza, na mtu akisema hapana, ni hapana. Hakuna kupandishwa na gunia mara mbili. Mtoto hapigwi bila mzazi wake kuwepo. Pesa inahesabiwa mbele ya wote, wamama wa kutwanga wakiwepo. Na picha inarudi, kwa simu au kwa karatasi, kabla ya mwezi kuisha.

Hiyo ya mwisho iliombwa na mjane mmoja. Mume wake ndiye yule kijana wa gunia. Mvua ilipoanza, shimo lilianguka na yeye alikuwa ndani na wenzake wawili. Kwenye matanga familia ilitafuta picha ya kuweka juu ya meza, ikapata tu ile ndogo ya karatasi ya mchimbaji, imeliwa na jasho, uso hauonekani. Tukakumbuka wageni. Tulimpigia guide, akasema namba ya mzungu haipiti. Tulipiga tena, tena. Picha ilikuja kwa simu miezi saba baadaye, matanga yalishakwisha.

Tulishuka naye Baraka kwa mwenye studio karibu na soko aitoe kwenye karatasi. Ilikuwa picha nzuri, kweli kabisa yeye, na macho yake. Lakini juu ya kifua, kwa herufi nyeupe, paliandikwa jina la mwenye kamera. Mama akauliza: “Uyu ni nani?” Tulimweleza. Mwenye studio alijaribu kufuta na kompyuta yake, jina likatoka, pakabaki alama kama doa kwenye shati. Mama aliiangalia, akasema basi pale penye doa aandike jina la mume wake. Akaliandika. Tulilipa franka elfu tano, tukapanda moto.