Fort Jesus: Waliolinda ngome hawakuwa Wareno pekee

Je, msomaji, umewahi kuzuru Fort Jesus, au huishia langoni kupiga picha na kukimbilia ufuoni? Likizo ijayo mkiwa Mombasa, ingia ndani na watoto wako. Kuta zile zina kisa ambacho wengi hutoka bila kukisikia.

Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya mwaka wa 1593 na 1596, kwa ramani iliyochorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ili kulinda mlango wa bandari. Ukiitazama kutoka angani, umbo lake ni kama la mtu aliyelala chali.

Mara nyingi historia yake husimuliwa kana kwamba ni ya wageni watupu. Lakini mwaka wa 1631, Sultani Yusuf bin Hassan wa Mombasa, aliyelelewa na kubatizwa na Wareno huko Goa, aliwageuka, akamuua kapteni wao na kuitwaa ngome.

Kisha Machi 1696 majeshi ya Oman yakaizingira kwa miezi 33. Maradhi yaliwaua waliokuwa ndani kuliko mizinga. Kufikia mwisho wa Agosti 1697, askari Wareno walikuwa wamekwisha. Unajua ni nani waliobaki kuilinda? Bwana Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika wanane na wanawake Waafrika 50! Hao ndio walioishikilia hadi meli za msaada zilipofika Septemba. Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698.

Hapo pana funzo kwa mtoto anayesoma historia: watu wa pwani hawakuwa upande mmoja. Tena Bwana Daud hutajwa kwa jina, ilhali wanawake wale hutajwa kwa hesabu tu, kama magunia ghalani.

Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka wa 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka wa 2011 UNESCO ikaiorodhesha kuwa urithi wa dunia.

Ukiwa ndani, usikose kutazama vyombo vilivyoopolewa kutoka kwa Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka wa 1697. Tazama pia michoro ya meli na samaki iliyochorwa ukutani na Wareno walioishi humo, halafu uingie Nyumba ya Waomani.

Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali. Vaeni viatu visivyoteleza, na ubebe kitambulisho, kwani Mwananchi hutozwa kiingilio cha chini kuliko mgeni. Na mtakapopanda juu ya kuta, mwulize anayewatembeza habari za wale wanawake 50. Watoto wako wasikie wenyewe.