Fikira za Mwanagenzi Ziwe Wapi?

Katika nyanda za juu za Ufipa, kandokando ya mji wa Sumbawanga, iko kazi iliyorithiwa kwa wazee wa zamani, nayo ni kulima matuta ya duara. Mkulima hukata nyasi kwa jembe pamoja na mizizi yake, akazipindua, kisha akazifunika kwa udongo mpaka tuta likasimama. Nyasi huoza mle ndani zikawa mbolea. Aliye hodari huifanya kazi hii kama mchezo. Mtoto anayeanza hutoka jasho jingi, na tuta lake hubomoka.

Hapo ndipo sisi wakubwa tukosapo. Twamwambia, "Kaza mkono! Kunja goti! Angalia kiwiko!" Mtoto huyafuata maneno hayo yote, na kadiri ayafuatavyo ndivyo azidivyo kuharibu. Kisha twasema kwamba hana mkono wa kazi, naye akatuamini. Lakini huenda kosa si la mtoto, bali la neno tulilompa.

Mwaka 1998 mtaalamu Gabriele Wulf na wenzake walitangaza majaribio yao juu ya jambo hili. Watu walisimama juu ya kibao chenye magurudumu, wakakisukuma huku na huku juu ya reli zilizopinda, mfano wa mtu atelezaye juu ya theluji. Wengine waliambiwa wafikiri nguvu za miguu yao. Wengine wafikiri magurudumu yaliyo chini ya miguu hiyo. Tofauti ya maneno hayo ni ndogo mno. Hata hivyo, walipopimwa siku ya tatu bila kukumbushwa neno, wale waliofikiri magurudumu walionekana kuwa wamejifunza vema zaidi.

Sababu yake ni nini? Mwili una njia yake ya kujiongoza. Atembeaye haamuru kila msuli. Akianza kuuamuru, hatua zake huharibika. Vivyo hivyo mwanagenzi akiushughulikia mkono wake, huuzuia usifanye kazi yake. Akifikiri lile alitakalo litendeke, viungo hupatana vyenyewe. Anayejifunza kupanda baiskeli na afikiri njia iliyo mbele yake, wala si magoti yake.

Basi, badala ya kusema, "Kaza mkono," tuseme, "Jembe lipite chini ya mizizi." Badala ya, "Inua kiwiko," tuseme, "Udongo uangukie juu ya nyasi." Na mchezaji wa mpira tumwonyeshe mahali ambapo mpira unapaswa kufika, tusimhesabie vidole vya mguu.

Hatusemi kwamba neno jema latosha pasipo mazoezi. Wataalamu nao wangali wakibishana juu ya ukubwa wa faida hii. Lakini kubadili neno hakugharimu hata senti moja, na kumwita mtoto mzembe kwaweza kumgharimu moyo wake wa kujifunza.

Kwa hiyo, ninyi wazazi na walimu, jaribuni wenyewe. Msimu wa kulima utakapofika, mwelekezeni mtoto kwa namna hii kwa siku chache. Kisha msiutazame mkono wake, litazameni tuta.