Mapumziko ya Mfanyakazi: Sehemu ya Kujitunza Inayolindwa na Sheria

Suala la kujitunza katika maisha ya kila siku huzungumzwa zaidi kwa upande wa lishe na mazoezi. Mapumziko hutajwa mwishoni, pengine kwa sababu kwa wengi kupumzika bado kunafananishwa na uvivu. Hata hivyo, kwa mfanyakazi aliyeajiriwa Tanzania Bara, mapumziko si hisani ya mwajiri bali ni haki iliyowekwa katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Sheria hiyo inaweka ukomo wa saa za kawaida za kazi kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, na hazipaswi kuzidi 50 katika kipindi cha wiki nne. Anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 anastahili kupumzika angalau dakika 60. Aidha, kila wiki anapaswa kupata saa 24 za mapumziko. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo zenye malipo, zikijumuisha sikukuu zinazoangukia ndani yake, jambo ambalo wengi hulisahau wanapopanga safari.

Ukomo huo una sababu za kiafya. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kuwa watu takribani 745,000 walifariki dunia mwaka 2016 kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo vilivyohusishwa na kufanya kazi saa nyingi. Kwa mujibu wa utafiti huo, anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa takribani asilimia 35, akilinganishwa na anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Shinikizo la juu la damu, ambalo ni chanzo kikubwa cha kiharusi, mara nyingi halina dalili. Siku moja ya likizo inatosha kwenda kituo cha afya kupima, na kipimo kinachofikia 140/90 kwa kurudiwa kinahitaji ushauri wa daktari.

Mama lishe na dereva wa bodaboda hawana mwajiri wa kumdai likizo, na kwao siku ya kupumzika ni siku isiyo na kipato. Kwa kundi hili, linaloamka alfajiri na kufunga kazi usiku, hatua ya kuanzia ni usingizi: mtu mzima anahitaji angalau saa 7.

Mfanyakazi anayenyimwa mapumziko au likizo anashauriwa kuanza kwa kuwasilisha suala hilo kwa mwajiri kwa maandishi na kubaki na nakala. Lisipopatiwa ufumbuzi, anaweza kumwona Afisa Kazi wa eneo lake au kufungua mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.