Bomba Livujalo Uani na Vali za Kuchomeka

Mgeni afikaye Uvira mara ya kwanza huona maji pande zote. Mashariki liko ziwa Tanganyika, ambalo ng'ambo yake haionekani siku za ukungu. Magharibi ni milima ya Mitumba, na katika mabonde yake hushuka mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, yenye mawe na kelele, nayo huukata mji vipande vipande. Hata hivyo, mgeni huyo akiamka alfajiri atawaona akina mama na watoto wamepanga bidoni zao mbele ya bilula lililokauka, wakingoja. Maji yako tele. Maji ya kunywa ndiyo adimu.

Maji ya bomba ya Uvira hutoka katika mto Mulongwe. REGIDESO, shirika la serikali la kugawa maji, huyasafisha na kuyatia dawa, kisha huyapeleka mjini. Lakini kazi hiyo yategemea umeme. Umeme ukikatika, pampu zasimama; na pampu zikisimama, mabomba hubaki matupu, pengine saa chache, pengine siku kadhaa.

Mwezi wa Oktoba 2015 ilitolewa taarifa ya wataalamu waliolichunguza jambo hilo, miongoni mwao wakiwa wa chuo cha London School of Hygiene & Tropical Medicine. Walilinganisha hesabu mbili, tangu mwaka 2009 hata 2014: kiasi cha maji kilichotolewa mjini kila siku, na idadi ya wagonjwa waliopokewa wakishukiwa kuwa na kipindupindu. Wakaona kwamba baada ya siku moja isiyo na maji ya bomba, wagonjwa wa siku 12 zilizofuata walizidi hata kufika mara mbili na nusu. Wakakadiria pia kwamba wagonjwa 23 katika kila 100 walitokana na upungufu wa maji hayo, kwa kuwa mtu akikosa maji bombani hushuka mtoni au ziwani.

Msomaji atauliza: Habari hiyo yalihusu nini bomba la uani kwangu? Yalihusu sana, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni hesabu tu. Bomba likivuja kiasi cha kujaza bilauri ya robo lita kwa dakika moja, wengi husema, "Ni kidogo, liacheni." Lakini siku moja ina dakika 1,440. Kwa hiyo siku maji yanapotoka mchana kutwa na usiku kucha, zapotea lita 360, ndizo bidoni 18 za lita ishirini. Katika mji ambao watoto huchelewa shule kwa ajili ya bidoni mbili, kumi na nane si kidogo. Tena mwenye mita huzilipia zote.

Sababu ya pili haionekani kwa macho, nayo ndiyo kubwa. Bomba likiwa limejaa maji yenye nguvu, tundu lake hutema nje. Ni hasara, lakini uchafu hauingii, maana maji huusukuma. Hatari huanza pampu zisimamapo. Mji wa Uvira umelala juu ya mteremko, tangu miguuni pa milima hadi ufukoni. Watu wa chini wakifungua mabilula yao, maji yaliyosalia huteremkia kwao, na kule juu bomba hubaki likivuta, kama mtoto anyonyaye kwa mrija. Tundu lililokuwa likitema sasa lameza. Lameza nini? Maji ya mtaro, matope ya uani, na pengine yale yatokayo katika choo cha jirani. Umeme urudipo, uchafu huo ndio utanguliao sufuriani.

Watu wa ufukoni nao hawakusalimika. Mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda likaingia nyumbani mwa watu, vyoo vikafurika, na mabomba yaliyofukiwa huko yakawa yamelala ndani ya maji machafu. Na usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka katika njia yake, ukaua watu, ukabomoa maelfu ya nyumba na kuvunja mabomba. Baada ya msiba huo viungo vingi viliungwa kwa haraka kwa kitu chochote kilichopatikana.

Twajua kitu hicho ni nini. Hutafutwa mpira wa ndani wa baiskeli, hukatwa utepe mrefu, ukazungushwa juu ya ufa na kukazwa kwa waya. Hatuwacheki wafanyao hivyo. Aliyeamshwa usiku wa manane na maji mlangoni hafanyi uteuzi. Lakini utepe huo huzuia maji yatokayo, wala si daima, na hauzuii yaingiayo. Bomba livutapo, mpira hulegea na kuacha njia. Basi ni dawa ya usiku mmoja, lakini twaiona imedumu miaka mitatu.

Ufundi ulio bora zaidi upo, wala si wa kushangaza. Kwa miaka mingi sasa mafundi wa Ulaya na Marekani hutumia viungo na vali ambazo twaweza kuziita za kuchomeka, kwa kuwa bomba huchomekwa ndani yake kwa mkono, basi. Hapana moto wala lehemu, hapana gundi, hapana kukata hesi. Ukitazama ndani ya mdomo wake utaona pete ya chuma kisichoshika kutu, yenye meno membamba yaliyolala kuelekea ndani. Nyuma yake iko pete ya mpira. Bomba likiingia, meno huinama yakalipisha. Likivutwa kutoka, meno hung'ata. Pete ya mpira nayo hulibana bomba pande zote, maji yasipite. Fundi mmoja wa mtaa wa Mulongwe alimpa mama mwenye nyumba bomba lililokwisha kuchomekwa, akamwambia, "Vuta, mama." Mama akavuta kwa nguvu zake zote. "Halitoki, fundi." "Hata ukiwaita vijana wako wakusaidie, mama, meno yatazidi kuuma." Likitakiwa kutolewa, iko pete ndogo mdomoni, ikibonyezwa sawasawa pande zote, meno hufunguka na bomba hutoka salama.

Faida yake kwa mji kama Uvira ni kubwa kuliko kwa miji ya wenzetu isiyokatikiwa maji. Gundi ya mabomba magumu ya plastiki hutaka bomba kavu na saa kadhaa za kukauka. Nani ajuaye umeme utarudi saa ngapi? Vali ya kuchomeka hushika hata bomba lililolowa. Ukiikata sehemu iliyopasuka na kuichomeka vali, kisha ukaifunga, maji yamekoma papo hapo, na kazi iliyosalia yaweza kungoja asubuhi.

Lakini hapa ndipo wengi hupotezapo fedha zao, yaani katika vipimo. Bomba jeusi la plastiki lenye mstari wa samawati hupimwa kwa upana wake wa nje, nalo huwa la milimita 20, 25 au 32. Vali za kuchomeka za Uingereza nyingi ni za bomba la milimita 15 na 22. Zile za Marekani ziitwazo za nusu inchi hushika bomba lenye upana wa nje wa karibu milimita 16. Na bomba la chuma liitwalo pia la nusu inchi lina kama milimita 21 kwa nje! Jina ni moja, vitu ni mbalimbali. Kwa hiyo ndugu aliye ng'ambo akikuletea katika mzigo wake vali nzuri ya shaba inayong'aa, usishangae ikikataa bomba lako, wala usilichonge bomba ili liingie. Umwandikie mapema vipimo kwa milimita, na aina ya bomba, kabla hajanunua.

Aina nayo yahitaji kuangaliwa. Bomba la chuma lenye hesi halichomekwi kabisa. Kutu na mikwaruzo yake hukata pete ya mpira. Humo hufungwa kiungo chenye hesi upande mmoja na mdomo wa kuchomeka upande wa pili. Bomba laini la plastiki, kwa kuwa hunywea likibanwa, hutaka kwanza lichomekwe ndani yake kipande kifupi kigumu cha kulitegemeza, ambacho mara nyingine huja pamoja na vali. Fundi mvivu hukitupa akidhani ni takataka ya kifurushi. Na mwenye bomba jeusi la milimita 25 au 32 asipopata vali ya kuchomeka ya kipimo chake, asisikitike. Achukue kiungo cha plastiki cha kukaza kwa nati. Hicho ni ndugu wa kile: nacho kina pete ya kung'ata na pete ya mpira, ila chakazwa kwa mkono badala ya kusukumwa.

Kazi yenyewe yataka utaratibu kuliko nguvu. Funga maji kwanza. Chimba pana, mkono uzunguke, na utandike gunia safi chini ya bomba, maana udongo wa Uvira umejaa mchanga wa mito, na chembe moja ikikaa juu ya pete ya mpira yatosha kuharibu kazi yote. Kata bomba likiwa limenyooka kabisa. Lililokatwa upande litavuja hata vali iwe ya bei gani. Msumeno wa chuma wafaa, mradi ncha zilizochongoka ziondolewe kwa kisu na kulainishwa kwa msasa, nje na ndani. Osha. Kisha pima urefu wa mdomo wa vali na kutia alama ya kalamu juu ya bomba kwa kipimo hicho hicho. Alama hii wengi huidharau. Bomba husimama kidogo likifika penye pete ya mpira, na mtu hudhani limefika mwisho, kumbe bado. Sukuma huku ukizungusha kidogo hata alama iguse mdomo, halafu vuta kwa nguvu kuhakikisha. Usipake mafuta ya gari wala petroli, hula mpira. Maji safi yatosha.

Mahali pa kuweka vali ni neno la kufikiriwa na wenye ua wote. Katika viwanja vingi vya Uvira jamaa tatu au nne hutumia bomba moja. Pasipo vali za kutenga, bilula la mmoja likiharibika wote hukaa kiu, na maneno huanza. Afadhali iwe moja mara baada ya mita, na nyingine penye kila tawi. Kando ya ile ya kwanza yafaa kuwekwa vali ndogo ya kuzuia maji kurudi, yenye mshale uonyeshao njia ya maji. Mshale uelekee nyumbani. Maana mama akiacha mpira wa kumwagilia umezama katika karai la nguo, na maji yakakatika, povu lile huvutwa hadi kwa majirani. Vali zenyewe zisifukiwe udongoni. Jengeni kisanduku cha matofali chenye kifuniko, zipate kuonekana na kufikiwa, na jua lisizichome.

Kabla ya mita hapaguswi. Bomba hilo ni la REGIDESO, na livujapo hapana budi kuwapasha habari. Wale wajiungiao kwa siri hutoboa bomba la mtaa na kuacha tundu baya, ambalo siku ya bomba kuvuta humeza kwa ajili ya mtaa mzima. Na kama bilula ladondoka tone kwa tone mdomoni, msinunue vali. Huenda ni kile kipande cha mpira cha ndani tu kilichokwisha, ambacho fundi hukibadili kwa muda mfupi.

Kazi ikiisha, vali ifunguliwe polepole. Maji yarudiyo kwa kishindo husukuma hewa mbele yake na kuligonga bomba kama nyundo. Hata kiungo kizuri huchoka kwa mapigo hayo. Bilula la mbali zaidi lifunguliwe kwanza, maji yatoke hata yawe meupe kabisa, nayo yamwagwe au yaoshee ua. Yatakayofuata, yale ya kunywa, yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa, na kungojwa nusu saa. Vivyo hivyo kila maji yarudipo baada ya kukatika muda mrefu, hata kama uani kwenu hapavuji, kwa maana hamjui bomba la mtaani limemeza nini njiani.

Kipande cha bomba kilichokatwa kisitupwe. Kioshwe, kiandikwe kipimo chake, kikatundikwe karibu na mita, ili atakayetumwa dukani siku nyingine aende nacho mkononi.