Kodeki Mpya za Video: Faida Ipo, Lakini ni ya Nani?

Kodeki mpya ya video inapotangazwa, ahadi huwa karibu ileile: ubora uleule wa picha, faili nusu ya ukubwa. H.264 ilikamilika mwaka 2003. H.265, ambayo wengi huiita HEVC, ikafuata mwaka 2013, AV1 ikatoka mwaka 2018, na H.266, yaani VVC, mwaka 2020. Kwa mtu anayenunua bando la siku, au aliyejaza simu ya GB 64 kwa video za watoto, nusu si jambo dogo. Kwa nini basi H.264, yenye umri wa zaidi ya miaka 20, bado ndiyo inayofunguka karibu kila mahali, na mafundi wengi wanaoijua kazi yao wanaendelea kuitumia? Wapo wanaosema ni uvivu. Mimi naona ni hesabu. Kodeki mpya haifuti gharama. Huitoa kwenye mtandao na hifadhi ikaibebesha prosesa, na anayefaidika si lazima awe ndiye anayelipa.

Chukua video ya HD kamili, pikseli 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde. Bila kubanwa, ikihesabiwa baiti moja na nusu kwa kila pikseli kama ilivyo kawaida, inakula takriban megabiti 622 kila sekunde. Ikibanwa kwa H.264 hutazamika vizuri kwa megabiti 5 hivi, yaani chini ya sehemu moja ya mia. Siri yake ni kubashiri. Badala ya kuandika kila fremu upya, kodeki huigawa picha vipande vipande na kuandika kwamba kipande hiki kilikuwa pale kwenye fremu iliyopita, kimesogea kiasi hiki, na tofauti iliyobaki ni hii. Katika H.264 kipande hakizidi pikseli 16 kwa 16. HEVC inaruhusu kifike 64 kwa 64, AV1 na VVC 128 kwa 128, hivyo anga tupu au ukuta mweupe huelezwa kwa data kidogo mno. Na pale kipande kinapobashiriwa kutokana na majirani zake ndani ya fremu hiyohiyo, H.264 ina mielekeo 8 ya kuchagua, HEVC 33, VVC 65. Kila kizazi, kwa maneno mengine, humpa mbanaji machaguo mengi zaidi, na chaguo lenye faida hupatikana kwa kuyajaribu mengi yasiyofaa. Muda na umeme huishia hapo.

Je, nusu hiyo inapatikana kweli? Majaribio rasmi ya kuthibitisha HEVC, ambamo watu waliketi wakatazama na kutoa alama, yalionyesha kwamba kwa ubora unaolingana ilitumia data pungufu kwa wastani wa asilimia 59 kuliko H.264. Wastani huo una jambo la kutazamwa ndani yake: kwa picha za 4K upungufu ulikuwa asilimia 64, kwa picha ndogo za 480p asilimia 52. Kadiri picha inavyokuwa kubwa ndivyo vile vipande vikubwa vinavyopata kazi ya kufanya. Kwa mtazamaji wa simu, ambaye mara nyingi yuko 480p, faida ni ndogo zaidi, ingawa bado ni kubwa. Lakini majaribio hayo yalitumia programu za mfano ambazo hazina haraka; dakika chache za video zinaweza kuchukua saa nyingi kubanwa. Simu inayorekodi harusi haina nafasi ya kusubiri. Chipu yake inapaswa kubana kila fremu palepale, kwa hiyo huruka machaguo mengi ambayo kodeki inayaruhusu. Faili la H.265 lililobanwa haraka na chipu ya simu linaweza lisitofautiane sana na la H.264 lililobanwa taratibu kwa programu nzuri kama x264. Anayelinganisha majina ya kodeki bila kuuliza zilibanwa kwa namna gani analinganisha vitu visivyolingana.

Upande wa kufungua ndio mgumu zaidi, kwa sababu mbanaji ni mmoja na wafunguaji ni maelfu. Video ikifunguliwa na sehemu ya chipu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, betri haiumii sana. Ikikosekana, prosesa kuu hubeba mzigo wote, simu ikapata joto na chaji ikashuka. AV1 ilipotoka mwaka 2018 hakukuwa na simu yenye sehemu hiyo. MediaTek waliileta kwenye Dimensity 1000, iliyotangazwa mwishoni mwa 2019. Qualcomm kwenye Snapdragon 8 Gen 2 mwishoni mwa 2022. Apple kwenye iPhone 15 Pro mwaka 2023. Hizo zote zilikuwa chipu za bei ya juu. Simu zinazouzwa zaidi Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, haziko katika tabaka hilo, na simu hupita mikono miwili mitatu kabla ya kustaafu. Kuanzia siku umbizo linapokamilika hadi siku unapoweza kudhani kwamba mtu yeyote atalifungua, miaka 10 si mingi.

Kuna pingamizi zito hapa, na halipaswi kupitwa haraka. Mtu anaweza kusema: wenye simu za bei nafuu ndio hasa wanaoumizwa na bei ya data, basi wao ndio wa kwanza kustahili kodeki mpya, hata kama betri itaumia kidogo. Ni kweli, na Netflix walifuata hoja hiyohiyo. Februari 2020 walianza kutuma AV1 kwa simu za Android za watu waliochagua kuokoa data, wakitumia programu iitwayo dav1d kuifungua bila chipu maalumu, na walieleza kwamba ilibana vizuri zaidi kwa asilimia 20 kuliko video zao za kodeki ya VP9. Mimi pia ningekubali kupoteza chaji kidogo ili bando lifike jioni. Lakini tazama ni nani aliyeweza kufanya hivyo. Kampuni kubwa huweka filamu moja katika matoleo mengi, huiuliza simu ina uwezo gani, kisha huituma ile inayofaa. Filamu ikibanwa mara moja kwa gharama kubwa na kutazamwa mara milioni, gharama ya kubana inagawanyika hadi inakaribia sifuri. Mpiga video wa harusi ana faili moja, atalibana mara moja, na litatazamwa na ndugu labda mara thelathini. Hesabu yake haifanani na ya Netflix hata kidogo.

Faili lake huyo, tena, halijui litafika wapi. Litachomekwa kwa flashi kwenye televisheni iliyonunuliwa miaka minane iliyopita, nayo italisoma jina na kukataa picha, au itoe sauti peke yake. Litafunguliwa kwenye kompyuta ya Windows ambayo, kwa HEVC, huenda ikamwelekeza mwenyewe kwenye duka la Microsoft akanunue kiongezeo cha senti 99 za dola, kiasi kidogo kisicholipika kirahisi kwa asiye na kadi. Likitumwa WhatsApp kama video ya kawaida, WhatsApp italibana upya kwa namna yake, na kazi yote ya kuchagua kodeki itakuwa imepotea, isipokuwa likitumwa kama hati. Kwa hiyo anayemkabidhi mteja video ampe H.264, bila kuona haya.

Senti 99 hizo hazikutoka hewani. Wenye hataza za HEVC waligawanyika katika makundi matatu tofauti ya kukusanya malipo, na baadhi walibaki nje ya makundi yote. Hasira ya hali hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya Google, Mozilla, Netflix, Amazon, Cisco, Intel na Microsoft kuungana mwaka 2015 na kutengeneza AV1 isiyotozwa ada, ingawa baadaye wapo waliojitokeza kudai kwamba nayo inagusa hataza zao.

Utangazaji wa televisheni unaonyesha upande mwingine wa hesabu. Ujerumani ilipohamia mfumo wa kidijitali wa DVB-T2 wenye HEVC mwezi Machi 2017, wapokeaji wa matangazo ya antena walilazimika kupata vifaa vipya. Nchi ilikuwa na sababu: masafa ya megahezi 700 yalikuwa yameuzwa kwa kampuni za simu, na bila kubana zaidi chaneli za HD zisingetosha mahali palipobaki. Kenya ilizima analojia mwaka 2015 ikiwa na DVB-T2 na H.264, na ving'amuzi vilivyonunuliwa wakati ule havitajifunza HEVC kwa kusasishwa programu, kwa kuwa uwezo wa kufungua umo ndani ya chipu. Kuhama leo ni kuwaambia watu wanunue tena. Sidhani kama kuna msimamizi wa mawasiliano Afrika Mashariki mwenye hamu ya kulisema hilo hadharani, na sioni kama ana haja.

Mahali ambapo ningehama bila kusita ni pale mtu mmoja anapomiliki ncha zote mbili. Kamera za ulinzi ni mfano bora. Kinasa cha dukani hubana chenyewe na kufungua chenyewe, hurekodi saa 24, na sehemu kubwa ya picha zake haitatazamwa na yeyote, hivyo H.265 huongeza siku za kumbukumbu kwenye diski ileile. Vivyo hivyo kurekodi kwa HEVC kwenye simu yako mwenyewe, ukijua kwamba utatoa nakala ya H.264 ukitaka kumpa mtu. Kile ambacho singefanya ni kuchukua mkusanyo wa zamani wa H.264 na kuubana upya kuwa AV1 ili kuokoa nafasi. Kubana huku hutupa taarifa, na kodeki mpya haiwezi kurudisha kilichotupwa na ile ya zamani. Inachofanya ni kutunza makosa yake kwa uaminifu na kuongeza yake. Kwa video za kikao au somo la darasani hasara hiyo huenda isionekane. Kwa harusi ya mama yako, diski ya ziada ni nafuu kuliko nakala iliyobanwa mara mbili huku asili imefutwa.