Jumapili Yako Inagharimu Pesa Ngapi? Jinsi ya Kubana Matumizi ili Upumzike

Mwezi ukifika kwenye kona, wengi wetu tunajua wimbo ni ule ule. Stima imebakisha tokeni chache, unga unanunuliwa wa kupima, na simu inakukumbusha mkopo ambao hata hukumbuki uliutumia kwa nini. Unajiambia, "Mwezi ujao nitafanya kazi zaidi." Mwezi ujao unafika, unafanya kazi zaidi kweli, na pesa inaisha tarehe ile ile.

Leo tunataka kugeuza swali. Badala ya kuuliza "nitapataje pesa zaidi?", tuulize "nahitaji pesa ngapi ili nifanye kazi kidogo?" Si kuacha kazi kabisa. Tunazungumzia kupata Jumapili moja ya kukaa na watoto, au kuwa na uwezo wa kumwambia mteja msumbufu "hapana, asante" bila kuogopa kulala njaa. Huo ndio uhuru wa kifedha kwa watu wengi, na unaweza kuuhesabia kwa kalamu na karatasi.

Mfano wetu: fundi wa nguo wa Nakuru

Tuseme kuna dada mmoja fundi wa kushona, ana kibanda chake Nakuru na mtoto mmoja anayesoma. Ni mfano wa kuhesabia tu, lakini tunadhani unamjua mtu kama yeye. Akishalipa kodi ya kibanda na kununua uzi, anabaki na shilingi 40,000 kwa mwezi. Zote zinaisha. Anafanya kazi siku saba kwa wiki, mgongo unamuuma, na mtoto anamwona usiku akiwa amechoka.

Anataka kitu kimoja: asifungue kibanda Jumapili.

Jumapili ni siku moja kati ya saba. Gawanya 40,000 kwa 7, unapata karibu shilingi 5,700 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya Jumapili zake zote. Akiweza kuishi kwa 34,300 badala ya 40,000, amezinunua. Hahitaji kushinda jackpot wala kupata kazi ya ng'ambo. Anahitaji kujua hizo 5,700 zinapotelea wapi.

Zinapotelea wapi?

Bandu bandu huisha gogo. Fundi wetu alipoitisha taarifa ya miamala ya miezi mitatu kwenye simu na kuipitia polepole na kalamu mkononi, hivi ndivyo alivyopata kwa mwezi mmoja:

- Ada ya mkopo wa simu: 900. Kila mwezi alikuwa anakopa 10,000 ya siku 30 kwa ada ya 9%, analipa, kisha anakopa tena. Kwa mwaka ni shilingi 10,800, yaani amelipa zaidi ya kile alichokopa na bado mkopo uko pale pale.
- Ada za kutoa na kutuma vipande vipande: 500. Leo anatoa 300, kesho 400, keshokutwa 300. Ada hupangwa kwa viwango, kwa hivyo kutoa mara tano kunaweza kukugharimu mara kadhaa ya kutoa mara moja.
- Bando za kila siku: 600. Bando ndogo inaonekana rahisi, lakini ukijumlisha siku 30 unakuta ile ya mwezi ingekuwa nafuu.
- Kununua kadogo: 1,300. Mafuta ya kupima, sukari ya kufunga kwa karatasi, sabuni ya kukatwa. Tofauti ni shilingi tano hapa, kumi pale.
- Chakula cha mchana: 2,100. Kibandani analipa 150. Akibeba githeri au wali maharagwe kutoka nyumbani inamgharimu kama 80. Anaokoa 70, mara siku 30.
- Soda na mandazi za saa kumi: 300. Hajaziacha kabisa, amepunguza tu.

Jumla ni 5,700. Tazama vizuri: hajahama nyumba, hajamtoa mtoto shuleni, hajaacha kula nyama. Bei zako zitakuwa tofauti, na pengine uvujaji wako uko kwingine kabisa: kubeti, boda ya mahali ungeweza kutembea, au raundi moja ya ziada Ijumaa. Lakini kama hujawahi kusoma taarifa ya miamala yako kutoka juu hadi chini, anza hapo wikendi hii.

Wacha tuseme ukweli: sisi hupata ada unapotoa na kutuma pesa. Hata hivyo, mteja anayeishi kwa wasiwasi kila mwezi si mteja aliyehudumiwa vizuri. Panga miamala yako. Toa mara moja kwa wiki, na lipa moja kwa moja dukani pale inapowezekana badala ya kutoa pesa taslimu kwanza.

Bei ya kitu ni masaa

Mwaka 1992, Wamarekani wawili, Vicki Robin na Joe Dominguez, walitoa kitabu kiitwacho Your Money or Your Life. Wazo lao moja limewasaidia watu wengi: usihesabu bei kwa pesa, ihesabu kwa masaa ya maisha yako.

Tumfanyie hesabu fundi wetu. Anafanya kazi masaa 10 kwa siku na anatumia saa moja barabarani, siku 30. Hayo ni masaa 330. Kwa 40,000 toa nauli ya 100 na chakula cha kibandani cha 150 kila siku, yaani 7,500 kwa mwezi. Zinabaki 32,500. Gawanya kwa 330, unapata kama shilingi 98 kwa saa.

Sasa viatu vya 2,450 ni masaa 25 ya kuinamia cherehani. Vinaweza kuwa na thamani hiyo, tena ukiwa na harusi ya dada yako, vinunue na usijute. Vikiwa vya kujionyesha tu, swali linajijibu. Hatukuambii usinunue. Tunakuambia ujue unalipa nini.

Kwa nini shilingi unayobana ina nguvu mara mbili

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanadhani kupata shilingi 1,000 zaidi ni sawa na kupunguza matumizi ya 1,000. Si sawa. Ukipunguza matumizi, akiba inaongezeka, na pia kile unachohitaji ili kuishi kinapungua. Angalia mtu wa mapato ya 40,000:

- Akitumia 36,000, anaweka 4,000. Anahitaji miezi 9 ya kazi ili kujinunulia mwezi mmoja wa kupumzika.
- Akitumia 30,000, anaweka 10,000. Anahitaji miezi 3.
- Akitumia 20,000, anaweka 20,000. Anahitaji mwezi 1 tu.

Mapato ni yale yale. Kilichobadilika ni matumizi, na safari imefupika kutoka miezi tisa hadi mmoja.

Wale wanaotaka kuacha kazi kabisa hutumia hesabu nyingine: zidisha matumizi ya mwaka mara 25. Inatokana na utafiti wa William Bengen wa Marekani uliotoka mwaka 1994, uliosema mtu anaweza kutoa kama 4% ya mali yake mwaka wa kwanza, kisha kupandisha kiasi hicho kulingana na bei, na pesa ikadumu miaka 30. Ukitumia 30,000 kwa mwezi, ni 360,000 kwa mwaka, mara 25 ni shilingi milioni 9. Usikate tamaa! Kwanza, utafiti huo ulitumia masoko ya Marekani, kwa hivyo hapa kwetu uchukue kama dira, sio ahadi. Pili, ona hili: kila 1,000 unayopunguza kwa mwezi inashusha lengo hilo kwa 300,000. Usajili wa filamu ambao hutazami unaweza kuwa unakugharimu laki tatu za mbeleni.

Mpangilio wa hatua

Fundi wetu hakufunga kibanda Jumapili iliyofuata. Angefanya hivyo, ugonjwa mmoja wa mtoto ungemrudisha kwenye mkopo. Alifuata mpangilio huu:

1. Maliza mkopo wa ada kubwa. Hakuna akiba salama itakayokupa 9% kwa mwezi. Kulipa mkopo kama huo ndiyo faida ya kwanza, na ya uhakika.

2. Weka pesa ya dharura. Mkopo ulipoisha, aliendelea kufungua Jumapili kwa mwaka mmoja na kuweka 5,700 kila mwezi. Hiyo ni 68,400, karibu miezi miwili ya matumizi yake mapya.

3. Sasa chukua Jumapili. Mapato yanashuka hadi 34,300, na matumizi ni 34,300. Hakuna kinachotikisika, na akiba ipo.

4. Ukitaka kwenda mbali zaidi, endelea. Akipandisha bei ya kushona kidogo au akibana tena, anaweza kuanza kuweka pesa ya muda mrefu. Ni uamuzi wake.

Hiyo pesa ikae wapi?

Pesa iliyolala kwenye pochi ya simu haikuzalii riba, na ni rahisi kuichovya. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Pia bei hupanda: Benki Kuu ya Kenya hulenga mfumuko wa bei kati ya 2.5% na 7.5% kwa mwaka. Bei zikipanda kwa 7.5%, laki moja yako itanunua mwaka ujao vitu vya kama 93,000 vya leo. Kwa hivyo igawanye:

- Ya dharura iweke mahali unapoweza kuipata kwa siku chache: akaunti ya akiba au mfuko wa soko la fedha uliosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Amana za benki zina kinga ya hadi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Mifuko ya soko la fedha haina kinga hiyo, faida yake hupanda na kushuka, na riba hukatwa kodi ya 15%.
- Ya mwaka mmoja na zaidi inaweza kwenda SACCO. Uliza kama inasimamiwa na SASRA, mgao wa mwaka uliopita ulikuwa ngapi, na ukitaka kutoka unasubiri muda gani.
- Ya miaka mingi inaweza kwenda kwenye hati fungani za Serikali. Kiwango cha chini cha kawaida ni shilingi 50,000, kwa hivyo ni jambo la kufikia polepole.

Mtu akikuahidi kuzidisha pesa zako mara mbili kwa wiki, huyo anaitafuta Jumapili yako. Na PIN yako haiombwi na mtu yeyote, hata sisi.

Usibane hapa

Kuna kubana na kuna kujiumiza. Usiache mchango wako wa afya wa SHA ili kuonyesha akiba imepanda. Kitanda cha hospitali kinaweza kumeza miaka miwili ya githeri ya kubeba. Usikose kuitengeneza cherehani inayokulisha. Na usijifanye huna watu. Michango ya matanga, karo ya mpwa, dawa za mama nyumbani, yote hayo ni sehemu ya maisha yetu. Yape bajeti. Ukitenga 2,000 ya jamaa kila mwezi, utaweza kusema "hiki ndicho nilicho nacho" kwa roho safi, badala ya kukopa ili usionekane mchoyo.

Na kama kipato chako hakitoshi hata chakula na kodi, usijilaumu. Huwezi kubana kisichokuwepo. Kwako hatua ya kwanza ni kuongeza mapato na kukwepa mikopo ya ada kubwa, kisha haya mengine yatafuata.

Fanya hivi wiki hii

1. Itisha taarifa ya miamala ya miezi mitatu.
2. Weka alama kwenye kila ada, kila mkopo, na kila kitu usichokumbuka.
3. Hesabu bei ya siku moja ya kupumzika: mapato ya mwezi gawanya kwa siku za wiki unazofanya kazi.
4. Chagua matumizi mawili tu ya kupunguza mwezi huu. Ukianza na kumi utachoka kabla ya tarehe 15.
5. Siku pesa ikiingia, toa akiba kwanza. Ukingoja ibaki, haibaki.

Haba na haba hujaza kibaba. Siku kibaba kikijaa, fundi wetu ataamka Jumapili saa mbili, atachemsha chai bila haraka, na mtoto atamuuliza, "Mama, leo huendi kazi?" Naye atasema, "Leo niko."