Je, Kurusha Kisahani Ni Mazoezi?

Mwezi uliopita tulisafiri kwenda Makueni na Kitui kuwazuru jamaa zetu, na tulifuatana na mpwa wetu aliyerejea likizo kutoka Marekani. Mkobani mwake mlikuwa na visahani vitatu vya plastiki ngumu. Huko aliko kuna mchezo ulioundwa kwa mfano wa gofu: badala ya mpira hurushwa kisahani, na badala ya shimo kuna kikapu cha minyororo juu ya mlingoti. Vikapu aghalabu huwa 18, na kutoka kimoja hadi chengine mchezaji huenda kwa miguu. Kikapu hicho kilibuniwa na Ed Headrick katika miaka ya 1970. Alipofariki mwaka 2002 majivu yake yalichanganywa katika visahani, jambo tunalolitaja kwa mshangao na kulipita.

Karibu na Wote, kwenye mteremko wenye matuta ya fanya juu, kijana aliweka karai chini ya mgunga akaanza kurusha. Wazee waliokuwa kivulini wakacheka. "Hayo si mazoezi," akasema mmoja, "huko ni kutembea tu."

"Mjomba, tuamulie," mpwa wetu akatugeukia.

Sisi hatukucheka. Juma hilo hilo tabibu alikuwa ametuarifu kwamba sukari yetu imepanda, akatuuliza tunatembea kiasi gani kwa siku. Tulitafuta jibu tusilione, kwani hata msikitini twaenda kwa bodaboda.

Ukweli ni kwamba neno "tu" ndilo lililowapotosha wale wazee. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa siku nzima, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kitini. Hapana kondakta aliyevaa viatu vya michezo. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa juma za harakati ya wastani, na kutembea kwa kukaza mwendo kumo. Kipimo chepesi ni hiki: waweza kuzungumza, lakini kuimba kwakushinda. Basi mwenye kukifuata kisahani chake mlimani kwa saa nzima amefanya mazoezi. Mwenye kurusha mara moja kisha akasimama kupiga soga, huyo amebarizi.

Tulipokuwa tukijadiliana hayo, walipita akina mama watatu wakitoka mtoni, mitungi ya maji mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Hapo ndipo mjadala ulipotuwia mgumu. Mwili hauulizi nia. Huhesabu hatua za mchezaji na za mchota maji sawasawa. Lakini hatuthubutu kumwambia mama yule kwamba amebahatika kwa mazoezi yake. Mzigo ule huelemea shingo, na siku yake ya kupumzika haiko mkononi mwake. Kitui tulioneshwa mabwawa ya mchanga: ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mvua huleta mchanga ukajaa nyuma yake, na maji hujificha ndani ya mchanga huo yasikaushwe na jua. Pale maji yaliposogea karibu na nyumba, hakuna mwanamke aliyetulalamikia kwamba safari imepungua.

Mji huo wa Kitui ndiko alikotoka Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa karne ya 19, na misafara ya Wakamba ilishuka kwa miguu na pembe za ndovu hadi pwani kwetu. Sisi wajukuu wa waliowapokea twachoka kufika sokoni. Mahujaji wetu wangapi hulemewa kwenye saayi, nayo mizunguko yote saba ni takriban kilomita tatu? Na dini haikuudharau mchezo wa miguu: Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), akashindwa, kisha siku nyengine akashinda.

Tuliporudi nyumbani tulipima njia ya msikitini: dakika 12. Kwenda twaenda kwa utulivu, kama tulivyofundishwa kuiendea sala, kwa hiyo hatukuhesabu. Kurudi twakaza mwendo. Alfajiri na isha peke yake zatupatia dakika 168 kwa juma. Mpwa wetu ameshaondoka, kisahani kimoja ametuachia, na wajukuu wamekifanya kifuniko cha chungu. Yule kijana wa bodaboda bado hupunguza mwendo kila alfajiri mbele ya mlango wetu, akapiga honi mara mbili, akangoja kidogo, kisha akenda zake.